Sauti ya Pili

Mama hataki picha.
Huu mwaka wa tatu macho yake yamefunga duka,
na kila nikiwasha televisheni ananiuliza
kwa nini namwonyesha ukuta.
"Picha kaa nazo wewe," kasema leo, akibangua jozi,
"mimi nitolee sauti."

Santuri yenyewe ni ya harusi ya binamu Khatuna,
Zestaponi, mwezi wa kumi, miaka kumi na minane nyuma.
Mpiga picha aliiandika juu kwa wino mzito
tarehe isiyo sahihi
na namba ya simu isiyopokelewa.
Imekwaruzika kama goti la mtoto.
Humo ndani yumo Baba, amesimama na glasi,
msemaji wa meza siku ile,
Varlam wa tanuri, mwenye vumbi la kiwanda kifuani,
aliyetutoka kabla hatujajifunza kurekodi watu kwa simu.

Naitumbukiza kwenye kompyuta kuukuu.
Inazunguka, inaguna, inasita, inaanza upya,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Programu nimeipata bure. Walioiandika siwajui,
wala hawakunidai hata ahsante.
Husemwa cha bure ghali; hiki hakikuwa.
Hakina madoido: dirisha jeusi, kishale kinapepesa,
nami naandika amri neno kwa neno;
nikikosea nukta kinanikatalia bila matusi.
Toa picha.
Bakisha sauti.
Usiipunguze, usiipambe.
Nane kwa mia. Kumi na moja. Kumi na moja bado.
"Imefika wapi?" Mama anauliza,
kama anayengoja basi la Kutaisi.

Saa saba usiku faili likawa tayari.
Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza. Uso ukajikunja.
"Nani huyu anapiga kinanda?"

Kweli. Yule bwana, kwa ufundi wake,
aliona hotuba ni ndefu
akazimwagia muziki wa dukani tangu mlangoni hadi keki.
Baba anafungua mdomo, kinatoka kinanda.
Na miaka yote tuliitazama hivyo,
tukiuangalia mdomo, tukidhani tunamsikia.

Nikarudi kwenye dirisha jeusi.
Nikasoma nilichokiruka mwanzo,
orodha ya vilivyomo:
picha, moja.
Sauti, mbili.
Mbili?
Ya pili haina jina wala lugha, hafifu,
nadhani ni ya kipaza sauti cha mezani;
aliisahau humo kama sarafu kwenye koti la baridi.

Amri ile ile. Sifuri nikaibadili iwe moja.

Vijiko.
Kiti kinaburutwa.
Mtu anaomba chumvi, haletewi, anaomba tena.
Mtoto anasema anataka kukojoa, sasa hivi, sasa hivi.
Kisha kikohozi.

Mama akanyanyua mkono, kama anayezuia mlango usifungwe.
"Hapo," akasema. "Rudisha."
Nikarudisha mara nne. Kikohozi tu.

Hotuba ilikuja baadaye, na ilikuwa ndefu kweli,
mpiga picha tumsamehe hilo.
Baba alisahau jina la bwana harusi,
akalitafuta hadharani, huku na huku, ukumbi ukacheka,
na karibu kabisa na kipaza sauti
mwanamke akanong'ona: "Jemali. Anaitwa Jemali."

Mama akavua hedifoni sikio moja.
"Huyo ni mimi. Kumbe nilikuwa na sauti nyembamba hivyo?"
Sikuwa na jibu, nikashika kazi:
nikamuuliza kama nikate mwanzo,
vile vijiko, ile chumvi, kile kitoto kinacholia mkojo,
faili liwe jepesi, lianze na Baba.

"Usikate," akasema, akilirudisha sikio.
"Kitoto chenyewe ni wewe."